Kiuno Kikikamata: Namna ya Kwenda kwa Tabibu wa Kairopraktiki Bila Kuumia Wala Kukamuliwa

Nina duka la vifaa vya ujenzi Tanga. Kwa miaka kumi na minane nimeshusha mifuko ya saruji ya kilo 50, nimebeba nondo, nimesukuma mikokoteni ya kokoto, na mgongo haukuniambia kitu. Siku uliponikamata nilikuwa nimeinama kuokota kalamu. Nikabaki pale pale, nusu mtu nusu bawaba, mpaka mke wangu na kijana wa dukani waliponivuta hadi kwenye benchi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye kwenye benchi hilo. Miezi iliyofuata nilikandwa, nikafungwa mkanda, nikapigwa picha, nikashauriwa na kila mteja aliyeingia kununua misumari. Mwisho nikaenda kwa matabibu wa kairopraktiki, yaani wale wanaosukuma viungo vya uti wa mgongo kwa mikono, tena wawili. Wa kwanza alinitia hofu na kunichuna. Wa pili alinisaidia. Nataka ujue tofauti yao kabla hujatoa hela. Mimi si daktari; ya kitaalamu nimeyasoma na kuyauliza kwa wanaojua, na penye maoni yangu nitasema ni yangu.

Hatua ya 1: Hakikisha si kiuno cha hospitali

Shirika la Afya Duniani linasema karibu 90% ya maumivu ya kiuno hayana chanzo kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Misuli, kano na viungo vidogo vya nyuma ya pingili vimechokozeka, basi. Hakuna kilichovunjika wala kuoza. Hao ndio watu wa kairopraktiki, wa fiziotherapia, wa kukandwa. Waliobaki wana jambo jingine, na jambo hilo ukilisukuma kwa nguvu unaweza kuliharibu zaidi. Kwa hiyo jikague kwanza, kabla hujatafuta mikono ya mtu yeyote.

Nenda hospitali leo leo, hata iwe usiku, ukiwa na mojawapo ya haya: ganzi kwenye sehemu zinazogusa kiti cha baiskeli, yaani msambani, makalioni na mapajani kwa ndani, mkojo kukataa kutoka, au kutoka bila wewe kujua, choo kukuponyoka, miguu yote miwili kulegea. Hizo ni dalili kwamba fungu la neva lililo chini ya uti wa mgongo limebanwa. Hapo panahitaji daktari wa upasuaji, na saa zinahesabika. Aliyechelewa anaweza asirudishiwe mkojo wake, wala nguvu za kiume.

Kuna na yale yasiyo ya usiku huu lakini si ya kusubiri mwezi: homa, jasho la usiku, nguo kuanza kukupwaya bila wewe kufunga wala kujinyima, maumivu yasiyokoma hata ukilala, historia ya saratani, matumizi ya muda mrefu ya dawa kama prednisoloni, au kuanguka, iwe ni mnazini, kwenye bodaboda au bafuni kwa mzee ambaye mifupa imeshakuwa myepesi.

Huku kwetu kuna magonjwa mawili ya kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni TB ya uti wa mgongo. Watu wengi wanajua TB ni kikohozi, lakini hii hula pingili polepole na mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Anachoona ni mgongo unaouma kwa miezi, jasho, kukonda, na baadaye kinundu kinachochomoza katikati ya mgongo. Pingili iliyoliwa na TB haisukumwi na mtu. Inatibiwa kwa dawa za miezi mingi, na katika hospitali za serikali dawa za TB hutolewa bure. La pili ni bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi, hasa kwa maziwa mabichi. Homa yake huja na kuondoka, viungo vinauma, kiuno kinauma. Kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa au unachunga, mwambie daktari, maana asipoulizia ataishia kupima malaria tu.

Kisha yapo ya kupita haraka. Maumivu ya ubavu mmoja pamoja na homa na mkojo kuchoma: hizo huenda ni figo. Mwanaume aliyepita miaka 50 ambaye mkojo umeanza kumsumbua apimwe tezi dume. Mwanamke aliyekosa hedhi kisha kiuno na tumbo la chini vikamshika ghafla apime mimba siku hiyo hiyo. Na kijana ambaye kila asubuhi anaamka amekakamaa zaidi ya nusu saa, akichangamka ndipo analegea, amwone daktari wa viungo.

Hakuna hata moja? Endelea.

Hatua ya 2: Zipe nafasi siku za mwanzo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulala. Nilijilaza siku sita nikiletewa uji kitandani kama bi harusi, na siku ya saba nikawa mbaya kuliko ya kwanza. Mgongo unaouma unataka kutembezwa. Usibebe chochote, lakini kila saa inuka, zunguka uani, rudi. Ukilala, lala ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 hadi 20, inasaidia. Mimi naiamini kuliko marhamu yoyote niliyouziwa.

Dawa kama ibuprofeni zinapunguza maumivu, ila zinaliwa baada ya chakula, na hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha isiyotulia au mimba. Sindano za kuchomwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ziache. Ikichomwa vibaya kwenye kalio inaweza kuumiza neva kubwa ya mguu, na hapo utakuwa umenunua ugonjwa wa pili kwa hela yako mwenyewe.

Mkanda wa kiuno nao? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, unashauri usitumike kama tiba ya kawaida. Wangu ninao bado. Naufungia maboksi.

Na usikimbilie picha. Hili nalisema kwa uchungu, maana picha ndiyo iliyonitia unyonge. Majibu yalisema diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimechakaa na moja imevimba. Mtaani maneno hayo yakageuka kuwa “pingili zimesagika”, na mimi nikaanza kutembea kama niliyebeba mayai. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya majibu ya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Katika wenye umri wa miaka 20, 37% walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 50, 80%. Diski iliyovimba walikuwa nayo 60% ya hao wa miaka 50, na hawakuwa na habari. Ni kama mvi: ukimpiga picha mtu mzima utaziona, na hazimuumi kichwa. Picha ina kazi yake pale dalili za Hatua ya 1 zipo, au mguu unapopoteza nguvu, au wiki zinapopita bila nafuu.

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache hata bila kuguswa na mtu. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado huwezi kufunga kamba za viatu, au kiuno ni cha kurudi rudi, hapo ndipo mikono ya mtaalamu ina maana.

Hatua ya 3: Ujue unanunua nini

Kairopraktiki ilianzia Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Septemba 1895. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, alikuwa mzaliwa wa Canada aliyewahi kuwa na duka la vyakula kabla ya kuingia kwenye uponyaji wa sumaku. Alimsukuma uti wa mgongo mfanya usafi mmoja aitwaye Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, akadai kwamba masikio yamefunguka. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizokaa vibaya na kubana neva. Nadharia hiyo haikusimama mbele ya sayansi. Kilichobaki na faida ni mikono.

Jambo lenyewe ni hili. Kiunoni una pingili tano. Nyuma ya kila jozi kuna viungo vidogo viwili vyenye ute ndani, kama vya vidole. Tabibu anakulaza ubavu, anakunja goti lako la juu, anazungusha bega upande huu na nyonga upande ule mpaka kiungo kifike mwisho wa mwendo wake, kisha anakisukuma kidogo, kwa ghafla. Kinaalika. Ule mlio ni wa gesi ndani ya ute, sawa na unapoalisha vidole. Si mfupa unaorudi mahali pake. Baada ya hapo misuli iliyokaza hulegea kwa muda na maumivu hupungua, na wewe unapata nafasi ya kujongea.

Rudia hilo kichwani, kwa sababu ndilo litakalokulinda: pingili haikutoka, kwa hiyo hairudishwi. Kama kweli imetoka, mahali pako ni hospitali, si kwa tabibu.

Inafanya kazi? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 9,000 wa maumivu ya muda mrefu. Kusukuma uti wa mgongo kulikuwa sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa, kama mazoezi. Sawa nazo, si zaidi. Mwongozo ule wa 2023 nao unaitaja miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, na wa Uingereza wa mwaka 2016 unasema mikono iende pamoja na mazoezi, isisimame peke yake. Anayekuuzia zaidi ya hapo anakuuzia chumvi ya baharini kwa bei ya sukari.

Hatua ya 4: Chagua mtu

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya kazi hii: mtu anayeanza bila msingi wa udaktari anapaswa kupata saa zisizopungua 4,200 za masomo na vitendo, miaka minne ya kutwa. Ni elimu ya chuo kikuu, si kozi ya wikiendi. Afrika Kusini inafundishwa Johannesburg na Durban. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1994 na baraza lake, na ni kosa kujiita kwa jina hilo bila kusajiliwa. Ndugu mlio huko, daftari la majina liko wazi mtandaoni, tafuteni jina kabla hamjakata miadi. Huku kwetu wako wachache, karibu wote mijini, na wengi wao walisomea nje. Kwa hiyo muulize, kwa adabu lakini uso kwa uso: “Dokta, ulisomea wapi, na leseni yako ya kufanya kazi hapa ni ya nani?” Mwenye nayo ataisoma kwa fahari, tena mara nyingi ataionyesha ukutani. Anayenuna umemjua.

Usidharau mtu wa fiziotherapia aliye karibu nawe. Tanzania wanafundishwa hospitali ya KCMC Moshi, Kenya wapo waliotoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, na baadhi yao wamejifunza mikono hiyo hiyo na kuongezea mazoezi. Maoni yangu: kama hospitali ya wilaya yako ina fiziotherapia, anzia huko, ndipo ufikirie nauli ya kwenda mjini.

Na mkandaji wetu wa mafuta ya nazi? Sina ugomvi naye. Kukanda kunatuliza, na kumetajwa kwenye mwongozo wa 2023. Ninachokataa ni kukanyagwa mgongo na mtoto, kuvutwa mguu na vijana wawili, au “kunyooshwa” na mtu aliyeona video kwenye simu. Hao hawaulizi maswali ya Hatua ya 1.

Dalili za kukimbia nazo nitakupa kutoka kwa yule wa kwanza. Kabla hajanigusa, alinipiga picha za mgongo mzima, kutoka shingoni hadi mkiani. Akazitundika kwenye taa, akachora mistari myekundu, akaniambia uti wangu ni wa mtu wa miaka themanini na kwamba nisipotibiwa nitaishia kwenye kiti cha magurudumu. Kisha akatoa karatasi ya ziara 36, zilipiwe zote mbele, kwa punguzo. Hela hiyo ingenunua saruji ya kumaliza nyumba ya vyumba viwili. Nikalipa nusu. Hofu ina mkono mrefu. Ukutani alikuwa na bango linalosema tiba yake inaponya pumu, presha, kisukari na watoto wanaokojoa kitandani. Bango hilo peke yake lingenitosha kama ningelisoma kabla ya kukaa.

Hatua ya 5: Jiandae nyumbani

Andika kwenye karatasi moja: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au la, yanazidi lini, dawa zote unazokunywa. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, zitaje kwanza. Mtu anayezitumia kwa kawaida hasukumwi kwa ghafla. Taja mimba, taja kisukari, taja upasuaji wa zamani. Vaa suruali laini au dera lenye nafasi. Bi mkubwa anayetaka mtabibu mwanamke, au mtu wa kukaa naye chumbani, aseme wakati wa kukata miadi. Ni haki yake na hakuna wa kuudhika.

Jambo la mwisho ndilo kubwa: chagua vipimo vyako viwili au vitatu. Visiwe “najisikiaje”, maana siku ya kulipa kila mtu hujisikia vizuri kidogo. Viwe vitendo. Changu cha kwanza kilikuwa rukuu. Nilikuwa nimesali kwenye kiti wiki tatu, na nilitaka kujua mikono yangu inafika wapi nikiinama: mapajani, magotini, au chini ya magoti. Cha pili, kutembea kutoka dukani hadi msikitini bila kusimama. Cha tatu, kuvaa soksi nimesimama. Andika tarehe na ulipofika.

Hatua ya 6: Ziara ya kwanza

Yule wa pili alikuwa binti wa umri wa mwanangu. “Shikamoo baba, karibu, kaa unavyoweza,” akasema, kisha akauliza maswali karibu nusu saa. Mkojo, choo, homa, uzito, usingizi, kazi, mawazo. Nikajua nimefika.

Tarajia akupime kabla hajakutibu. Atagonga magoti na vifundo kwa kinyundo cha mpira. Atakwambia utembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, aone kama neva za mguu zina nguvu. Utalala chali, atainua mguu ulionyooka. Maumivu yakishuka kama umeme chini ya goti, kuna neva inayolalamika. Atagusa ngozi ya miguu kutafuta ganzi. Asiyefanya haya mwambie unakwenda chooni, usirudi.

Nikamwonyesha picha zangu zenye mistari myekundu. Akazitazama, akazirudisha kwenye bahasha. “Baba, hapa hakuna kilichotoka. Mgongo wako umefanya kazi, ndiyo maana una alama za kazi. Tutajaribu mara nne, tupime, kisha tuamue pamoja.”

Kabla ya kusukuma anapaswa kukueleza atafanya nini, kuna hatari gani, na njia mbadala ni ipi. Na wewe useme ndiyo au hapana. Useme kweli. Ukiogopa mlio, muombe njia ya polepole: kuna ya kusogeza kiungo taratibu bila mshtuko, kuna ya kitanda kinachoshuka. Na hili lisikilize vizuri: umekuja kwa kiuno, shingo yako iachwe. Kusukuma shingo kwa ghafla kumehusishwa, kwa nadra, na kuchanika kwa mshipa wa damu wa shingoni na kiharusi. Kwa maumivu ya kiuno hakuna sababu ya kuicheza hiyo bahati nasibu.

Kitendo chenyewe ni kifupi kuliko kunyoa ndevu. Pumua nje, usijikaze. Mlio usiposikika si kwamba imeshindikana. Ukisikia maumivu makali yanayoshuka mguuni, sema “acha” papo hapo; tabibu mzuri husimama kabla hujamaliza neno.

Hatua ya 7: Baada ya hapo, hesabu

Kuuma uma mahali paliposukumwa, uchovu, pengine kichwa kizito: ni kawaida, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Siku hiyo tembea, usishushe mzigo, usipande pikipiki safari ndefu kama unaweza kuikwepa. Ganzi mpya, mguu kudhoofu au mkojo kubadilika si kawaida. Rudi Hatua ya 1, mstari wa hospitali.

Kila baada ya ziara mbili fungua karatasi yako. Mimi nilianza rukuu ikiishia mapajani. Baada ya ziara ya pili mikono ilifika juu ya magoti, baada ya nne ikashika magoti yenyewe. Kama ziara nne hadi sita zimepita na vipimo havijasogea, acha. Hayo ni maoni yangu, lakini sijaona hoja ya kulipia ya saba wakati sita zimesema hapana. Lipa ziara moja moja. Ukiambiwa kwamba hata ukipona lazima urudi kila wiki maisha yako yote “kuweka sawa mfumo”, mshukuru, vaa viatu.

Hatua ya 8: Kazi ambayo hakuna wa kukufanyia

Nafuu ya kusukumwa ni ya muda. Ni mlango uliofunguliwa. Usipopita utafungwa tena, na utalipia kuufungua. Binti yule alinipa mazoezi siku ya kwanza, na ziara ya pili alianza kwa kuniuliza kama nimefanya. Nilidanganya. Akasema, “Haya baba, nionyeshe.” Sikudanganya tena.

La kwanza: lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Inua makalio polepole mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, hesabu tano, shusha. Mara kumi.

La pili: piga magoti na viganja chini, kama mtu anayepiga deki kwa tambara. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, tumbo likazwe kidogo, kiuno kisicheze. Hesabu nane, badilisha. Mara sita kila upande. Mwanzoni nilikuwa nayumba kama dau kwenye mawimbi.

La tatu: kaa kwenye visigino, peleka mikono mbele, sujudi ndefu, pumua taratibu mara tano. Hili ni la kulegeza, na ndilo nilipendalo.

La nne ni kutembea, na hili lina ushahidi wa kupendeza. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la Australia la watu 701 ambao kiuno kilikuwa kimewapona karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo hadi nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa, siku 112. Hizo ni namba za katikati. Karibu mara mbili, kwa tiba ambayo bei yake ni soli ya kandambili. Mimi hutembea baada ya alfajiri, kabla jua halijawa na hasira.

Kuhusu kubeba, sikuacha saruji. Nilibadilisha namna. Mfuko unaletwa karibu na kifua kabla ya kunyanyuliwa, miguu imepanuka, na mwili wote unageuka pamoja, si kiuno peke yake. Maji kwenye madumu mawili ya lita 10, kila mkono lake, ni mepesi kwa mgongo kuliko dumu moja la lita 20. Na kiti cha kaunta nimekiwekea sheria: nikihudumia mteja nasimama.

Ikigoma

Kama mwezi wa pili unaisha, umetembea, umefanya mazoezi kwa kweli, umesukumwa ziara zako chache na vipimo havijasogea, mwombe daktari akupeleke juu zaidi. Kwa Tanzania kuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mguu unaozidi kudhoofu, unaoburuza ncha za vidole, usisubiri huo mwezi. Na ukigundua kwamba maumivu yanapanda siku za madeni na kushuka siku za mauzo, mwambie daktari na hilo. Usingizi na mawazo vinaukaza mgongo kama mzigo, na havionekani kwenye picha.

Mwaka uliofuata kiuno kilinikamata tena, safari hii nikivuta boksi la vigae. Nilikaa kwenye benchi lile lile, nikajikagua: mkojo sawa, miguu ina nguvu, hakuna homa. Chupa ya maji ya moto, mto katikati ya magoti, uani na kurudi kila saa. Siku ya nne nilitembea hadi msikitini. Rukuu iliishia magotini. Namba ya yule binti ninayo bado kwenye simu, na mara hiyo sikuipiga.